Nyumba za Kijoji: Uso Mbele, Mengine Nyuma

Nyumba ya mtindo wa Kijoji hutambulika kabla mtu hajaufikia mlango. Mlango uko katikati. Madirisha ya kulia ni sawa na ya kushoto kwa idadi, kwa ukubwa na kwa nafasi. Ya ghorofani yamekaa wima juu ya yale ya chini. Na kila ubavu wa nyumba una dohani yake. Ukipigwa mstari kutoka kileleni mwa paa hadi kizingitini, nusu moja huwa pacha wa nusu ya pili. Mtindo huu ulitawala ujenzi wa nyumba katika Uingereza, Ireland na makoloni ya Amerika Kaskazini kwa zaidi ya miaka 100. Jina lake limetoka kwa wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George, waliotawala Uingereza tangu 1714 hadi 1830. Wafalme wenyewe hawakuwa na mkono mkubwa katika jambo hili. Waliousimamisha mtindo ni watunga sheria, wachapishaji wa vitabu, mabwana wenye ardhi na mafundi waliojenga kwa mkopo, na ndiyo maana historia yake ni historia ya fedha na kanuni kama ilivyo historia ya ladha.

Asili yake ni Italia. Andrea Palladio, aliyezaliwa mwaka 1508 na kuanza maisha ya kazi kama mchonga mawe, aliwajengea matajiri wa Vicenza na Venice majumba ya shambani, kisha mwaka 1570 akachapisha vitabu vinne vya usanifu vilivyojaa michoro. Aliyapima magofu ya Roma ya kale kwa mikono yake, na akaamini kwamba uzuri wa majengo yale ulitokana na hesabu: chumba kiwe mraba, au mraba na nusu, au miraba miwili, na kila kilichoko upande huu kijibiwe na kingine upande wa pili. Nyumba yake inayojulikana zaidi, Villa Rotonda nje ya Vicenza, ina nyuso nne zinazofanana, kila uso na nguzo zake sita na ngazi zake. Palladio ndiye aliyezoesha watu kuona sura ya hekalu, yaani nguzo zilizobeba pembetatu, mbele ya nyumba ya kuishi. Alidhani Warumi walitohoa sura ya mahekalu kutoka kwenye nyumba zao. Dhana hiyo haikuwa sahihi, lakini imezaa maelfu ya nyumba.

Vitabu vyake vilifika Uingereza mkononi mwa Inigo Jones, aliyezunguka Italia mwaka 1613 na 1614 akiandika maoni yake pembeni mwa kurasa. Mwaka 1616 alianza kujenga Queen's House huko Greenwich, jengo jeupe, lililonyooka, lisilo na minara wala vibanda vya juu, katika nchi iliyozoea mbao zilizopishana na paa zenye migongo mingi. Jones alikuwa mbele ya wakati wake kwa karibu karne nzima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikatiza kazi ya aina hiyo, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 1715, Mskoti Colen Campbell alipoanza kuchapisha Vitruvius Britannicus, mkusanyiko mkubwa wa michoro ya majumba ya Uingereza uliowahimiza wenye mali warudi kwa Palladio na Jones. Lord Burlington, kijana tajiri aliyeamini maneno hayo kuliko wote, alijijengea Chiswick House mwishoni mwa miaka ya 1720, na kuanzia hapo mtindo ukawa jambo la heshima.

Hata hivyo, nyumba ya kawaida ya mjini haikungoja mabwana. Moto mkubwa wa London wa Septemba 1666 uliteketeza nyumba zipatazo 13,000, nyingi zikiwa za mbao. Sheria ya ujenzi ya mwaka uliofuata iliamuru kuta za nje ziwe za matofali au mawe, ikapanga nyumba katika madaraja manne, na ikaeleza unene wa kuta na idadi ya ghorofa kulingana na mtaa. Nyumba za mtaa mmoja zikalazimika kuwa na kimo kimoja. Mwaka 1707 sheria nyingine ilikataza kingo za mbao zilizojitokeza chini ya paa, kwa kuwa moto ulizitumia kuruka kutoka nyumba hadi nyumba. Mafundi wakajibu kwa kuupandisha ukuta wa mbele hadi ukaficha paa. Mwaka 1709 iliamriwa fremu za madirisha zirudishwe ndani ya ukuta kwa inchi nne, na sheria ya mwaka 1774 ikataka sanduku lote la fremu lijifiche nyuma ya matofali. Yale yanayoonekana leo kama utulivu wa mtindo, yaani ukuta bapa, dirisha lililozama, paa lisiloonekana, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya hofu ya moto.

Kanuni ya uso mzima ilikuwa nguzo, hata pale ambapo nguzo haikuwepo. Nguzo ya Kirumi ina tako, ina mwili, ina kichwa na boriti iliyobebwa juu yake. Uso wa nyumba ukagawanywa vivyo hivyo. Sehemu ya chini ilikuwa tako, hivyo ilionyeshwa nzito, mara nyingi kwa mawe au kwa lipu iliyochorwa mifereji ifanane na mawe. Ghorofa ya kwanza na ya pili zilikuwa mwili. Juu kabisa ulipita ukingo wenye safu ya vipande vidogo kama meno, mahali pa boriti. Katika nyumba iliyosimama peke yake safu za madirisha zilikuwa tano kwa kawaida, ili mlango upate ya katikati. Pembe za ukuta zikaimarishwa kwa mawe makubwa yaliyopishana, au matofali yaliyopangwa kuiga mawe hayo. Mkanda mwembamba ulionyesha nje mahali sakafu ilipopita ndani. Nyumba ya mjini, iliyobanwa kati ya jirani na jirani, haikuwa na upana huo. Ilipata safu tatu tu, na mlango ukasukumwa pembeni. Ulinganifu ukahamia kwenye mtaa mzima: nyumba moja peke yake haikulingana, ila 20 zikipangwa zilifanya jumba moja.

Madirisha ndiyo yaliyobeba sura yote. Yalikuwa ya kuteleza: fremu mbili za vioo, moja juu na moja chini, zinazopanda na kushuka ndani ya mifereji. Kila fremu ilining'inia kwa kamba iliyopita juu ya kapi na kushikilia uzani wa risasi au chuma uliofichwa ubavuni, na kwa uzani huo mtoto angeweza kupandisha dirisha zito kwa mkono mmoja. Aina hii ilienea Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, na faida yake kubwa ni kwamba dirisha hubaki bapa hata likiwa wazi; halitoki nje na kuharibu mstari wa ukuta. Vioo vilikuwa vidogo kwa sababu ya jinsi vilivyotengenezwa. Fundi alipuliza tone la kioo kilichoyeyuka, akalizungusha mpaka likapanuka kuwa sahani kubwa nyembamba, kisha vipande vikakatwa humo, na kile cha katikati chenye kovu kikauzwa kwa bei ya chini. Hivyo mgawanyo uliozoeleka ukawa vioo sita juu na sita chini. Vijiti vya mbao vilivyoshika vioo ni saa nzuri kwa mtu anayetaka kukadiria umri wa nyumba: mwanzoni mwa karne ya 18 vilikuwa na unene wa sentimeta nne hivi, na kufikia miaka ya 1820 vilikuwa vimekonda hadi sentimeta moja na nusu.

Kimo cha dirisha kilieleza kilichokuwa ndani. Ghorofa ya kwanza, iliyokuwa na vyumba vya kupokelea wageni, ilipata madirisha marefu kuliko yote, mara nyingi kimo chake kikiwa mara mbili ya upana. Ya chini yalikuwa mafupi kidogo. Ghorofa ya pili, walikolala wenye nyumba, madirisha yalipungua, na yale ya juu kabisa, walikokuwa watoto na watumishi, yakawa karibu mraba. Mpita njia aliweza kusoma cheo cha kila chumba akiwa barabarani. Upana wa madirisha haukubadilika, ni kimo tu, na katika hilo mafundi wale walikuwa na jicho ambalo wengi waliowafuata hawakuwa nalo.

Kuna madirisha yaliyozibwa kwa matofali, na mara nyingi huelezwa kwamba yalizibwa kukwepa kodi. Kodi hiyo ilikuwepo kweli: ilianza 1696 na ikafutwa 1851, na nyumba yenye madirisha mengi ililipa zaidi. Wapo walioziba kwa ajili hiyo. Lakini mengi yalizibwa siku ile ile ukuta ulipojengwa, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na dohani, ngazi au ukuta wa kugawa vyumba, na uso wa nyumba ulidai dirisha mahali pale. Mengine yalipakwa rangi nyeusi na kuchorwa vijiti vyeupe ili yadanganye macho kutoka mbali.

Mlango ndio uliopewa mapambo, kwa kuwa kwingineko kote fedha ilizuiwa isionekane. Katika hili nyumba ya Kijoji na nyumba ya Lamu au Mji Mkongwe zinaelewana. Mlango wa mbao wenye vipande sita ulizungukwa na nguzo bapa mbili zilizoshikamana na ukuta, na juu yake pembetatu au tao. Kadiri ukumbi ulivyohitaji mwanga, kikaongezwa kioo cha nusu duara juu ya mlango, chenye miali ya chuma au mbao iliyotawanyika kama mbavu za upepeo. Dublin ilipendezwa mno na vioo hivyo, na mpaka leo mitaa kama ya Merrion Square inajulikana kwavyo. London ilipata njia ya kupunguza gharama: kuanzia 1769 kiwanda cha Eleanor Coade huko Lambeth kilitengeneza mapambo ya udongo wa kuchomwa uliofanana na jiwe, na sura za watu wenye ndevu zilizotoka kwenye kalibu zake bado zinatazama chini kutoka juu ya milango ya Bedford Square. Mwanamke huyo aliendesha biashara yake mwenyewe kwa miaka zaidi ya 50, na mapambo yake yamevumilia mvua kuliko mawe mengi ya kweli.

Ndani, nyumba iliyosimama peke yake ilikuwa na ukumbi uliopita katikati kutoka mbele hadi nyuma, na vyumba viwili kila upande, jumla vinne kwa kila ghorofa. Ngazi ilipanda ukumbini, ikionekana na kila anayeingia. Nyumba ya mjini ilikuwa na chumba kimoja mbele na kimoja nyuma, vikirudiwa ghorofa juu ya ghorofa, na jiko chini ya usawa wa barabara. Makaa ya mawe yalimwagwa kupitia tundu lenye kifuniko cha chuma kwenye njia ya waenda kwa miguu, yakaangukia ghalani. Kila ndoo ya maji, kila sinia na kila kapu la makaa lilipandishwa ngazi kwa mikono ya watumishi, ghorofa nne au tano. Usanifu huu uliojali sana uwiano wa macho haukuwahi kujali magoti ya aliyebeba.

Jinsi nyumba hizi zilivyojengwa hueleza kwa nini zinafanana. Ardhi ya London magharibi ilikuwa ya familia chache za kikabaila, kama Grosvenor na Bedford, ambazo hazikutaka kuiuza. Zilikodisha viwanja kwa miaka mingi, baadaye 99 ikawa kawaida, na mkataba ukataja kimo, matofali na mpangilio wa mbele. Fundi mwashi au seremala alichukua kiwanja, akalipa kodi ya jina tu katika mwaka wa kwanza au wa pili, na katika muda huo alipaswa kusimamisha ukuta na paa na kumpata mnunuzi. Mafundi walibadilishana kazi badala ya fedha: mpiga lipu alifanya nyumba ya seremala, seremala akafanya ya mpiga lipu. Wengi walifilisika. Katika hali hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kubuni. Sura iliyojulikana ndiyo iliyouzika.

Na sura hiyo ilipatikana kitabuni. James Gibbs alitoa kitabu chake mwaka 1728 akisema wazi kwamba kingewafaa waheshimiwa wa mashambani, mahali ambapo msaada wa wasanifu haukupatikana kwa urahisi. Batty Langley aliwaandikia mafundi wenyewe, akiweka vipimo vya kila mlango, meko na dirisha ili mtu mwenye bikari na rula aweze kunakili. Ujuzi uliokuwa wa mabwana waliosafiri Italia ukaingia kwenye mfuko wa aproni ya seremala.

Mji wa Bath ndipo mahali ulinganifu wa mtaa mzima ulipofika mbali zaidi. John Wood alianza Queen Square mwishoni mwa miaka ya 1720, akaifanya safu ya kaskazini ionekane kama kasri moja ilhali ni nyumba kadhaa. Mwanawe, mwenye jina lilelile, alijenga Royal Crescent kati ya 1767 na 1775: nyumba 30 katika upinde mmoja, na nguzo 114 mbele yake. Kilichouzwa kilikuwa ni kipande cha uso. Kila mnunuzi alipata urefu wake wa nguzo, kisha akajenga nyuma yake alivyotaka, na anayezunguka nyuma ya Royal Crescent hukuta paa za vimo tofauti, kuta zilizotokeza na madirisha yasiyo na mpango. Pengine hakuna mahali panapoueleza mtindo huu vizuri kuliko uchochoro ule. Edinburgh nayo ilipanua mji wake kwa ramani ya kijana James Craig ya mwaka 1767, mitaa iliyonyooka na viwanja viwili vikubwa katika ncha zake, na mwaka 1791 Robert Adam akachora Charlotte Square, kazi yake ya mwisho mwisho kabla ya kifo chake mwaka uliofuata. Adam alikuwa ameupunguzia mtindo uzito: lipu nyembamba ya dari, mashada na vyungu vidogo, rangi hafifu.

Vitabu vilivuka Atlantiki kwa urahisi kuliko wasanifu. Mlango wa Westover, jumba lililoko kando ya mto James huko Virginia, unafuata mchoro wa kitabu cha William Salmon kilichotoka London mwaka 1734. Huko Amerika hali ya hewa na vifaa vilibadilisha mambo. New England palikuwa na misitu, hivyo nyumba zilijengwa kwa mbao, na nguzo zikawa ubao uliochongwa. Virginia na Carolina palitumika matofali, dohani zikawekwa katika kuta za mwisho ili joto lisikae katikati ya nyumba, na jiko likajengwa kando kwa sababu ya moto na joto. George Washington aliitaka nyumba yake ya Mount Vernon ionekane ya mawe, akaagiza mbao za msonobari zikatwe kingo kama matofali makubwa, zipakwe rangi na kumwagiwa mchanga ikiwa mbichi. Lakini nyumba hiyo ilikua kwa awamu, na uso wake wa magharibi haulingani: madirisha hayako katika nafasi sawa. Wageni wengi hupita mbele yake bila kugundua, kwa kuwa pembetatu kubwa ya paa hupatanisha macho.

Uso uliolingana uligharimiwa na kazi ambayo haikulipwa. Drayton Hall ya Carolina Kusini, iliyoanzwa mwaka 1738 na yenye baraza la ghorofa mbili la namna ya Palladio, ilisimama juu ya jasho la Waafrika waliofanywa watumwa mashambani. Kaskazini nako hakukuwa na tofauti kubwa. Isaac Royall, aliyetajirika Antigua, alilipanua jumba lake huko Medford, Massachusetts, katika miaka ya 1730, na jengo walimolala watumwa wake bado liko uani. Katika Uingereza yenyewe, Harewood House ya Yorkshire ililipiwa na utajiri wa familia ya Lascelles kutoka West Indies. Bristol ina nyumba ya John Pinney, mwenye mashamba ya miwa huko Nevis, iliyojengwa karibu na 1790 na sasa makumbusho; humo alihudumu Pero, mtumwa aliyenunuliwa akiwa mtoto. Daraja moja bandarini Bristol lina jina lake.

Baada ya uhuru wa Marekani mtindo uliendelea kwa jina jipya, ukiwa mwembamba zaidi na ukifuata nyayo za Adam. Charles Bulfinch aliuongoza Boston. Huko Salem, Samuel McIntire, mchonga mbao, alichora na kupamba nyumba za wenye merikebu. Mji huu mdogo una uhusiano wa kweli na pwani ya Afrika Mashariki. Merikebu za Salem zilifika Zanzibar katika miaka ya 1820, Marekani na Sayyid Said wakatia saini mkataba mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani visiwani, Richard Waters, aliyeanza kazi 1837, alikuwa mtu wa Salem. Vitambaa vya merikani vilikuja. Pembe na sandarusi vikaenda, na sandarusi ikasafishwa Salem kwa ajili ya vanishi. Wakati huo McIntire alikwisha kufa, na nyumba za matofali za Chestnut Street zilikuwa tayari zimesimama.

Kufikia 1830 ladha ilikuwa imegeuka. Waliofuata walipenda minara, madirisha ya makanisa ya kale na nyumba zisizolingana kwa makusudi, na mitaa ya Kijoji ikaonekana ya kuchosha. Dublin iliumia kuliko miji mingine. Matajiri waliondoka baada ya bunge la Ireland kuvunjwa mwaka 1800, na majumba yakagawanywa kuwa vyumba vya kupanga. Katika nyumba namba 14 ya Henrietta Street, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja katika miaka ya 1740, sensa ya 1911 ilihesabu watu 100. London ilibomoa Adelphi, kazi ya Adam na ndugu zake, mwaka 1936, na hasira iliyofuata ikazaa chama cha Georgian Group mwaka 1937. Chama hicho bado kinashauri halmashauri kuhusu maombi ya kubomoa. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 Dublin iliangusha nyumba 16 za Fitzwilliam Street ili kupisha ofisi za shirika la umeme.

Marekani ilirudia mtindo huo kwa njia nyingine. Maonyesho ya miaka 100 ya uhuru huko Philadelphia mwaka 1876 yaliamsha hamu ya mambo ya zamani, na kuanzia 1926 fedha za John D. Rockefeller mdogo ziliujenga upya mji wa Williamsburg, pamoja na kasri la gavana lililoungua mwaka 1781. Wajenzi wa vitongoji walichukua kutoka hapo walichokiweza: mlango katikati, safu tano, nguzo mbili. Katika nyingi ya nakala hizo vijiti vya dirisha ni vya plastiki vilivyobandikwa juu ya kioo kimoja kikubwa, na mbao za kufungia madirisha zimepigiliwa ukutani kwa skrubu, zikiwa nyembamba kiasi kwamba hata zingefunguliwa zisingelifunika dirisha.